Maisha ya Fundi Miwani, Aliyemlea Bi Mkubwa wa Miguu Minane

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliofika kumsindikiza, poleni kwa safari na poleni kwa jua, naomba mnivumilie kidogo nisome historia ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Miwani. Kamati ilikuwa imempangia kusoma binamu yetu, eti kwa sababu ana sauti ya kutangaza, nikawaambia binamu yetu atawasomea habari za mtu aliyekuwa akikutana naye kwenye harusi za watu, ilhali mimi nilimbeba mgongoni, basi wakanikabidhi karatasi hii, na pale karatasi itakapopungukiwa nitajazia mwenyewe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, wa kwanza nikiwa mimi, niliyemtangulia kwa miaka tisa. Karatasi inasema alilelewa na wazazi wake, na kwa upande wa baba sitabisha, ingawa baba alikuwa mlinzi wa zamu za usiku na mchana alishinda amelala, lakini mama alitutoka mwezi Juni 1971, mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo aliyemwogesha, aliyempima homa kwa kiganja, aliyemtoa miba miguuni na kumfunga vifungo vya shati hadi cha juu kabisa ni mimi. Mwenye swali lolote kuhusu utoto wa marehemu alilete kwangu, asilipeleke kwa mjane, kwa sababu mjane wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Alikuwa mtoto mtulivu kupita kiasi, anaweza kukaa mbele ya tundu la sisimizi tangu chai ya asubuhi hadi jua linapogeuka, hawachokozi, hawamwagii maji kama watoto wengine, anatazama tu, na mimi namwita aje kula, namwita tena, hadi naenda kumnyanyua kwapani na chakula chake kimeshapoa.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1974 katika shule iliyokuwa jirani na kituo cha mabasi, akamaliza mwaka 1980, akaendelea na sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, na Januari 1986 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea ukataji wa lenzi, akahitimu Desemba 1987 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza nilimwona siku ya mahafali, sikuona cha maana. Katika miaka hiyo hiyo zilikuja posa kwa ajili yangu, moja ya fundi bomba, mtu msafi, mwenye heshima zake, nikamjibu kwamba nina mtoto wa kusomesha, naye hakungoja, alioa mtaa wa pili, na mkewe yupo hapa leo, karibu sana mama, ahsante kwa kufika.

Tarehe 1 Februari 1988 marehemu aliajiriwa katika duka la miwani lililoko kwenye barabara ya maduka ya dawa, akawekwa kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, penye mashine ya kusagia lenzi, taa moja ya kuinamishwa na kiti ambacho alikikalia mpaka kikachukua umbo lake, akafanya kazi hapo kwa miaka thelathini na mitano bila barua ya onyo. Mwenye duka, ambaye namwona pale kwenye kivuli, atakuwa shahidi kwamba mara mbili alimtaka ahamie mbele kwenye wateja na mara mbili marehemu alikataa, akisema kwamba mtu aliyevaa miwani inayomkaa vizuri huisahau usoni, na fundi wake naye anatakiwa kusahaulika.

Sasa nafika mahali ambapo kamati imeandika mstari mmoja tu, nanukuu, marehemu alipenda wanyama. Ndugu zangu, marehemu hakupenda wanyama, hata paka wangu yeye alikuwa akimruka tu kama mtu anavyoruka kigoda, marehemu alimpenda mnyama mmoja, na kwa kuwa nusu yenu mmemwona na nusu nyingine mmekuwa mkiogopa kuingia sebuleni tangu juzi, ni haki aelezwe.

Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999, mteja mmoja mhadhiri, aliyekuwa akihama kikazi kwenda nchi ya mbali, alifika dukani kuchukua miwani yake akiwa na kikopo cha plastiki cha kuwekea filamu ya kamera, na ndani ya kikopo alikuwemo buibui mdogo kama punje ya dengu, wa aina ile ya wakubwa wenye manyoya waitwao tarantula, akamwomba marehemu amtunzie kwa kuwa hakumjua mtu mwingine mwenye mikono isiyotetemeka. Marehemu akamleta nyumbani. Nyumbani wakati huo ni kwangu, kwa maana baba alishafariki mwaka 1993 na tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ile ile ya nyuma ya ghala, mimi chumba cha mbele, yeye chumba cha uani, na nilipouliza mdudu huyo atakaa kwa muda gani nikajibiwa kwanza kwamba si mdudu, na pili kwamba akiwa jike anaweza kukaa miaka ishirini na tano.

Nikaona mzaha. Lakini yule ambaye hakuwahi kunitundikia hata pazia alitengeneza makazi ya buibui kwa siku nzima ya mapumziko, akakata kioo kwa mkono wake, akahakikisha tangi ni pana lakini fupi, kwa sababu tarantula akianguka kutoka juu tumbo lake hupasuka, akatoboa matundu ya hewa madogo kuliko mguu wake, akaweka kifuniko chenye vibanio viwili, udongo mkavu wa makumbi ya nazi, kigae cha chungu cha kujifichia, na kifuniko cha chupa chenye maji. Chakula kilikuwa nyenje mmoja kwa wiki, asiyezidi ukubwa wa tumbo la mlaji, na nyenje wenyewe wa kufugwa, si wa kuokota jikoni, kwa hofu kwamba amekanyaga dawa, asipoliwa anatolewa kwa koleo ndefu kesho yake. Dawa ya kupuliza ikapigwa marufuku nyumba nzima. Mimi, mwenye nyumba, nililala na mbu ndani ya chandarua chenye viraka ili mgeni wa kwenye kikopo asipate kikohozi.

Mwaka wa nne hivi, baada ya buibui kujivua ngozi, marehemu aliichukua ngozi ile, akailowanisha, akaitandaza chini ya kioo chake cha kukuzia cha kazini, akatoka na uso ambao sikuwahi kuuona siku ya mahafali wala siku aliyopata kazi, akatangaza kwamba ni jike. Hapo ndipo alipompa jina la Bi Mkubwa. Jina hilo liliniuma, kwa maana katika nyumba ile mwanamke mkubwa alikuwa anajulikana, na alikuwa na miguu miwili.

Mtanisikia nikisoma na mtaona naisogeza karatasi upande wa kulia, sababu yake ni mwaka huo huo wa 2003, mwezi Septemba, marehemu aliposafiri wiki moja kwa mafunzo ya mashine mpya, akaniachia agizo la kuongeza maji tu, nisifungue zaidi. Nilipofungua nikakuta utando umetanda kila pembe, na mimi sijalelewa kuacha utando ndani ya nyumba, nikautoa wote kwa brashi, nikaosha kigae kwa sabuni, nikageuza udongo, nikapanguza kioo hadi kikang'aa, na shukrani niliyopewa ni kwamba Bi Mkubwa alinigeuzia mgongo, akasugua tumbo lake kwa miguu ya nyuma na kunirushia manyoya membamba kuliko vumbi, nami nikajifuta jicho kwa mkono ule ule. Daktari wa macho aliyatoa kwa kibano, moja moja, chini ya mashine, na mengine yamo hadi leo. Ndugu waombolezaji, mdogo wangu aliporudi safari alinikuta mlangoni nimefunga jicho kitambaa, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akaangalia, akashusha pumzi, kisha ndipo akarudi kuniuliza nimepatwa na nini. Wapo wanaoita wivu, mimi naita kuhesabu aliyekuja kwanza.

Tukiendelea na ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2004, na wifi yangu huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lililopakana na duka la miwani. Walijuana kwa kuwa marehemu alikuwa akipeleka koti lake la kazi, na nimewahi kuuliza koti la mtu asiyeonekana na wateja lilihitaji pasi ya kulipia kwa nini, wakati pasi nilikuwa nayo nyumbani, sikujibiwa. Siku alipoletwa kutambulishwa niliandaa chai, nikaandaa na maswali, ila bwana harusi mtarajiwa akampeleka kwanza uani kwa Bi Mkubwa, nami nikasimama mlangoni nikingoja kelele, kwa sababu kila mwanamke aliyewahi kumwona alipiga kelele au aliomba kumshika. Wifi hakufanya hata moja. Alivuta kigoda, akaweka mikono mapajani, akatazama, chai ikapoa huku sebuleni, hakuuliza anang'ata au hang'ati, hakugonga kioo, na alipotoka alisema tu kwamba amemwona akinywa maji. Mimi nilimwona mkavu, mtu asiye na moyo. Mdogo wangu alimwona vingine, na kabla ya mwisho wa mwezi aliniambia nijiandae kwa harusi.

Siku waliyohamia kwao, kwenye nyumba ile ya ghorofa yenye ngazi za nje, alimbeba Bi Mkubwa mwenyewe, kwa miguu, mtaa hadi mtaa, tangi limefunikwa khanga yangu ili mwanga usimsumbue, na khanga haikurudi. Watu walimtania wifi kwamba ameolewa mke wa pili, naye alicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, nikarudi nyumbani nikanunua dawa ya mbu, nikapuliza vyumba vyote hadi nikakohoa, kisha nikakaa kitandani na sikujisikia vizuri hata kidogo.

Katika ndoa yao walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2006, ambaye kwa kiburi ni shangazi yake mtupu, yaani mimi, lakini ana vidole vya baba yake, na aliyefundishwa tangu anatambaa kwamba tangi halifunguliwi bila mkubwa, mikono huoshwa kabla na baada, na macho hayaguswi. Hakuwahi kuumwa wala kurushiwa nywele hata moja, na mara nyingi wifi amelitaja jambo hilo mbele yangu, sijui kwa nini huwa ananitazama jicho la kushoto.

Nilikuwa nikienda kwao kila Jumapili. Nilimpelekea mdogo wangu supu, nilimpelekea soksi, nilimpangia upya kabati la vyombo ambalo wifi alikuwa amelipanga vibaya, na nikimkuta marehemu amekaa kwenye kiti chake mbele ya tangi, na wifi amekaa kwenye kiti chake na kazi yake ya mkono, wote kimya, hakuna anayemuuliza mwenzake amekula nini, roho ilikuwa inaniuma kwa kuona mtu wangu hatunzwi.

Mwezi Januari 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa hospitali kuu na kukutwa na tatizo la figo, akaanza matibabu ya kusafishwa damu, akaacha kazi mwezi Juni mwaka huo huo, na mwaka huu kuanzia Septemba hali ilibadilika, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mimi na wifi tuligawana zamu, na naomba ieleweke kwamba zamu yangu nilikuwa nafika kabla ya saa yake, nikibadilisha shuka ambayo wifi aliona bado safi, nikimkata kucha, nikimlisha hata alipokuwa amesema ameshiba.

Ilikuwa katika zamu yangu mojawapo ndipo nilipomuuliza, kwa kuwa wote wawili tulijua tunaelekea wapi, Bi Mkubwa atabaki na nani. Niliuliza nikiwa na hakika na jibu. Alilelewa kwangu, alipata jina kwangu, jicho langu nilimpa. Mdogo wangu akasema atabaki na wifi yako. Nikamwambia mimi nilimjua kabla yake, nikamwambia mengi, naye aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akiwangoja sisimizi, kisha akasema, “Wewe utampenda mno, dada. Yule hataki kupendwa, anataka kifuniko kifungwe vizuri na aachwe. Wifi yako anajua kumwacha mtu. Wewe hujaweza tangu nina miaka minne.” Hakusema kwa ukali. Akaniomba nimwinulie mto, nikamwinulia.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, katika zamu ya wifi. Najua mnafahamu, lakini karatasi inataka nisome, katika zamu ya wifi.

Jana mchana, wakati ndugu wamekaa kugawana majukumu, nilisimama nikasema kwamba maneno ya mgonjwa ni maneno ya mgonjwa, kwamba nyumba ile imejaa watu wanaopita na kugonga kioo, na kwamba Bi Mkubwa anarudi alikokulia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu ya kila kitu. Wifi akanyanyuka kwenye mkeka, akafunga vibanio vyote viwili vya tangi, akasema, “Mchukue, wifi. Shika kwa chini, usiinamishe,” na yeye mwenyewe akashika upande wa pili. Hakupigania. Nikaona hata hilo kanipokonya.

Tukaenda naye hivyo, mimi kinyumenyume, yeye akinifuata, hadi kwenye ngazi za nje, na kwenye ngazi ya kwanza tangi likainama upande wangu, kwa maana mimi ni mfupi, Bi Mkubwa akateleza, akakamata pembe ya kioo kwa miguu yote. Ana miaka ishirini na tano sasa, tumbo limepauka, alikuwa hajala wiki kadhaa kwa kuwa anakaribia kujivua ngozi, na kipindi hicho, nilishaambiwa mara nyingi, hata kumsogeza ni kumtafutia kifo. Nikamwangalia wifi nione kama anafurahi kwamba nimekosea. Hakuwa ananitazama mimi kabisa, alikuwa anamtazama yule, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanaingia mdomoni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika tangi. Miaka ishirini nimekuwa nikisema mwanamke huyu hana moyo. Hata kulia alijua kulia bila kumsumbua mtu.

Nikasema turudishe. Tukarudisha, polepole, safari hii yeye akitangulia kinyumenyume, mimi nikimfuata, tukaliweka pale pale pembeni mbali na dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilikaa kwenye kiti cha mdogo wangu, mikono mapajani, wifi kwenye kiti chake, tukimtazama. Kwa hiyo natangaza mbele ya wote, ili asije mtu wa ukoo akaleta hoja baadaye, kwamba Bi Mkubwa anabaki kwa mjane, na anayetaka kumwona abishe hodi, mimi nikiwa miongoni mwao.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi mmoja mrefu aliyekuwa akiniondoa wodini kwa heshima muda wa kutazama wagonjwa ukiisha. Tunamshukuru mwenye duka na mafundi wenzake waliotoa damu, tunamshukuru jirani wa kushoto ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akigonga ukuta kabla ya kupuliza dawa ili wenzake wafunge madirisha, tunamshukuru mama mfugaji wa kuku anayetulelea nyenje, na namshukuru wifi yangu, kwa kazi ambayo mimi nisingeiweza. Nimesema nisingeiweza, sitarudia.

Na wewe mdogo wangu, asubuhi ya leo kabla sanduku halijafungwa waliniita nikuage, nikakuta kola ya shati lako imejikunja upande mmoja, na kifungo cha juu hakikufungwa, wifi amekuvalisha ulivyokuwa unapenda kuvaa. Mkono wangu ulishanyanyuka. Nikaurudisha, nikaushika na mkono mwingine, wakafunga. Kola imebaki vile vile. Pumzika kwa amani, dada yako nimekuacha.